Mama Utaacha Nini Anakabidhi Kiti

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mshauri wetu wa wanafunzi anastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake kamili lipo kwenye mlango wa ofisi, lakini sisi wa hapa, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa geti, tunamwita Mama Utaacha Nini. Mimi nafundisha Kemia, na chumba chake kimepakana na maabara yangu kwa ukuta mwembamba. Nimeombwa kuandika kwa sababu nimesikia mengi kuliko nilivyostahili.

Alianza kama mwalimu wa Jiografia, mkali wa ramani. Shule ilipoleta ile programu ya kimataifa ya kuwaandaa vijana kwa chuo kikuu, aliombwa ashike ushauri kwa muda tu, mpaka apatikane mwenyewe. Mwenyewe hakupatikana. Akapewa chumba cha mwisho wa korido kilichokuwa stoo ya mipira, na viti viwili, kimoja kikichechemea. Kizima alimwachia mgeni, kinachochechemea akakikalia yeye, na seremala wa shule alipotaka kukitengeneza alifukuzwa kwa heshima.

Asiyeijua programu hiyo aelewe kwamba si mchezo. Ni masomo sita kwa miaka miwili, insha ndefu ya utafiti, kazi za kujitolea, na mitihani inayosahihishwa na watu wa mbali wasiomwonea mtu haya. Mwaka wa kwanza tulimpokea kila mwenye alama nzuri, tukajipongeza. Kufikia muhula wa tatu nusu yao walikuwa wamejitoa, na kijana tuliyemtegemea kuliko wote, nahodha wa mpira, mwimbaji wa kwaya na bingwa wa mdahalo, alisinzia katikati ya mtihani wa mazungumzo wa Kifaransa. Sisi tulicheka. Mama hakucheka. Tangu mwaka uliofuata, kila aliyekuja kuomba nafasi aliulizwa kabla hajakaa vizuri: utaacha nini?

Majibu niliyoyasikia kupitia ukuta ule yangejaza kabati. Wengi walisema wataacha uvivu, wakaambiwa warudi na kitu wanachokipenda. Aliyesema ataacha simu aliona kiganja kimenyooshwa mbele yake papo hapo. Mmoja alidhani anaulizwa mambo ya mirathi, akajibu kwa unyenyekevu kwamba ataacha baiskeli na wadogo zake wawili. Na ole wake aliyesema ataacha usingizi! Huyo alitolewa nje kama aliyetukana. Mama alishikilia kwamba usingizi hauachwi, na kwamba mtoto asiyelala hasomi, anakodoa macho tu.

Kisha akaja binti wa fundi cherehani. Alikuwa mwanafunzi wangu bora wa Kemia, na aliitaka programu ile kwa moyo wake wote, maana alitaka kuwa wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Alipoulizwa swali, alijibu kwa sauti ndogo kwamba hana cha kuacha. Hachezi, haimbi, hana simu. Akitoka shule anawachukua wadogo zake, anapika, kisha anawapelekea wateja nguo zilizoshonwa. Mama alikataa kumtilia saini. Nilikwenda kumgombeza, nami si mtu wa kugombana, nikamwambia anamfungia mlango mtoto anayestahili kuliko wote. Alinijibu kwamba hamtii mtoto majini kwa kuwa tu anapenda kuogelea. Kisha akamwambia binti aje na mama yake.

Mama mtu alikuja na futi shingoni na pini kifuani, akijua ameitiwa kesi. Akaulizwa yeye: na wewe dada yangu, utaacha nini? Mimi nikasahau hata kuwasha moto wa jaribio langu. Mwishowe alisema ataacha kumtuma. Wateja watafuata nguo zao wenyewe, miguu wanayo. Saini ikatiwa siku hiyo hiyo, na tangu hapo wazazi wote huulizwa swali lile lile. Baba mmoja, dereva wa lori, aliacha kusikiliza mpira kwa sauti ya kuezua paa, na mwanawe akafaulu Hisabati.

Lakini ahadi ni jambo moja na msimu wa sare za shule ni jambo lingine. Mwaka wa pili, insha ikiwa nusu, kazi ilimzidi fundi, na binti akarudishwa kwenye kubeba mizigo. Alikuja kwa Mama kujitoa, analia. Jumamosi ile tulimwona Mama Utaacha Nini akivuka barabara na furushi la sare begani, anabisha hodi nyumba hadi nyumba. Akaendelea hivyo kila Jumamosi mpaka mitihani ikaisha. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya mazoezi ya kwaya, kitu alichokipenda kuliko vyote, na hakumwambia mtu. Tulijua pale kiongozi wa kwaya alipokuja kuulizia sauti yake. Nilijivunia kufanya kazi pembeni mwa mtu huyu, na najivunia leo.

Binti alifaulu. Chuo kikuu alikwenda, akakimaliza, na Jumatatu ijayo anaanza kazi hapa kama mshauri mpya wa wanafunzi. Wiki iliyopita walikuwa wakikabidhiana chumba, na ukuta wangu haujanenepa. Nilimsikia binti akicheka, akauliza: Mama, na wewe je, utaacha nini? Kiti kikachechemea kidogo. Halafu Mama akajibu: nakuacha wewe. Darasa langu lilinisubiri, nami nilikuwa nimeinama nikitafuta chaki iliyokuwa mkononi.

Asante, Mama, kwa kila uliyemkatalia na kila uliyembebea. Kwaya inakusubiri Jumamosi. Sisi wenzako tunakuombea afya, furaha, na usingizi wa kutosha, kitu pekee ambacho hukumruhusu mtu yeyote akiache.