Bi Subirini Anatuachia Bustani Isiyo na Kibao

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Bustani, mwenzetu Bi Subirini anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina hilo halimo kwenye vyeti vyake. Tulimpa wenyewe, kwa kuwa hakuna kikao alichokiendesha bila kusema, "Subirini kwanza."

Alianza kwenye kitalu cha miche, akimwagilia na kupalilia. Akapanda hadi msimamizi wa watunza bustani, na miaka ya karibuni akakabidhiwa kazi ambayo wengi wetu tuliikwepa: kuwashirikisha wakazi katika kuzipa bustani za umma majina mapya.

Tulidhani ni kazi ya kunywa chai na kuhesabu mikono. Kikao cha kwanza kilitutoa tongotongo. Wakazi waliokaa mbele walitaka jina hili, wa nyuma wakataka lile, sauti zikapanda, mpaka Bi Subirini alipowauliza wanazungumzia bustani ipi. Kumbe wa mbele walizungumzia ile ya mlimani, wa nyuma ile ya bondeni. Hata sisi tuliokuwa tukinukuu kila neno hatukuwa tumeng'amua.

Ila kilichotuchanganya kweli ni kikao cha bustani iliyo nyuma ya soko. Humo fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, maarufu kama Kocha, aliwafundisha watoto wa mtaa mpira kila jioni bila kudai chochote, hadi maradhi yalipomchukua ghafla. Wakazi walipoulizwa jina, ukumbi mzima ulijibu kwa sauti moja: Bustani ya Kocha. Mkurugenzi akaanza kupanga uzinduzi. Ndipo akasimama mama yake Kocha, fundi cherehani ambaye mlango wake unatazamana na lango la bustani.

"Wanangu, nawashukuru," alisema. "Lakini mnataka kila nikifungua mlango nisome jina la mwanangu pale, kama niko makaburini?"

Nahodha wa timu aliuliza kwa upole, "Sasa mama, na sisi tutamkumbuka vipi?"

Jina lile lilikuwa la nani, la mtaa uliompenda au la mama aliyemzaa? Bi Subirini aliahirisha kikao. Alikwenda kwa mama yule, akarudi kwa wakazi, akaenda tena. Mkurugenzi alimfokea kwamba uzinduzi hauwezi kukwama kwa ajili ya mtu mmoja. Yeye akajibu taratibu kwamba mtu huyo mmoja ndiye atakayelala na kuamka mbele ya kibao hicho.

Mwishowe wakazi walikubali, shingo upande, bustani izinduliwe bila kibao. Wapo walionuna hadi leo, na hata idarani tuligawanyika. Tukimuuliza kama alifanya sawa, husema hajui.

Mwezi uliopita alipita kumjulia hali mama yule. Alimkuta kwenye cherehani. Mjukuu wake akachomoka ndani, mpira kwapani, akilielekea lango la bustani.

"Bibi, naenda kwa Kocha."

"Usikawie," bibi akamjibu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Bi Subirini alirudi ofisini akatusimulia hayo, akasema hajui acheke au alie. Tulimsogezea kiti tu, tukakaa naye.

Dada yetu, ahsante kwa kutufundisha kusikiliza, hata pale ambapo kusikiliza kulituzidishia utata. Ahsante kwa vivuli vya miti uliyoipanda kwa mikono yako, ambavyo watu hupumzika chini yake bila kukujua. Tunakutakia afya njema, usingizi mnono na maisha marefu yenye amani. Juu ya uamuzi ule tutaendelea kubishana sisi. Wewe pumzika.