Kuchapisha Bila Kubisha Hodi

Ukitutafuta asubuhi, tupo kwenye benchi la mbele ya Kinyozi. Benchi lina miguu mitatu na tofali, na ole wako ukikalia upande wa tofali. Mimi fundi viatu niko pembeni na kisanduku changu, Waya anayetengeneza redio yuko katikati, na Breki, dereva mstaafu, hukaa karibu na birika la kahawa, hilo halina mjadala. Kinyozi mwenyewe siku hiyo hakukaa kabisa. Shida yake tuliijua wote. Mkewe, Shemeji yetu, ni muuguzi wa zamu ya usiku, kwa hiyo hulala mchana. Sasa printa pekee ya mtaa mzima iko juu ya kabati chumbani kwake, imeungwa kwa waya kwenye kompyuta kongwe, na kila anayetaka ukurasa lazima abishe hodi. Wiki iliyopita Shemeji alisinzia mezani na kijiko mdomoni. Alipozinduka alisema neno moja tu: akiamshwa tena kwa ajili ya karatasi, anahamia kwa dada yake. Na Shemeji yule hatanii.

Lakini asubuhi hiyo tulikuwa na furaha, nyie! Jana yake usiku, Shemeji akiwa kazini, Waya aligundua kwamba nyuma ya ruta ya Kinyozi, kile kisanduku cha intaneti, kuna tundu la USB.

WAYA: Kompyuta basi tena! Hodi basi tena! Unakaa hapa na kahawa yako, unabonyeza simu, ukurasa unatoka.

BREKI: Unatokaje bila waya?

WAYA: Waya upo, mzee wangu. Unatoka kwenye printa unaingia kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu ni hewani.

BREKI: Hewani hii hii yenye vumbi?

MIMI: Ngoja kwanza. Ruta si ilikuwa hapa saluni?

KINYOZI: Waya wa printa mfupi, haufiki hata mlangoni. Na ile printa ukiisogeza tu, inagoma wiki nzima. Tukaihamisha ruta mpaka kule chumbani.

MIMI: Hapo sasa mmetumia akili!

Nilisema mimi hayo, kwa mdomo wangu huu. Waya alifurahi mpaka akanimiminia kahawa.

KINYOZI: Karatasi nimeshapakia, shemeji yenu alipokuwa anaoga. Sasa amelala fofofo. Tujaribu, jamani, moyo unanidunda.

BREKI: Ukurasa wa kwanza uwe wa heshima. Andikeni tangazo la kubandika mlangoni.

Waya akaandika kwenye simu kwa herufi kubwa: KIMYA TAFADHALI. KUNA MTU AMELALA. Akabonyeza. Simu ikasema: Imetumwa.

Tuliruka! Benchi likaanguka upande wa tofali, tukaliinua, tukaketi tena tukingoja. Ng'ambo ya barabara seremala alikuwa akiranda mbao kwa mashine, huwezi kusikia hata chafya yako.

BREKI: Sasa iko wapi?

WAYA: Iko njiani.

MIMI: Si mtu aingie aangalie?

KINYOZI: Thubutu! Ule mlango una bawaba mbovu. Ukiufungua tu, umemwamsha.

Basi Waya akatuma tena. Imetumwa.

WAYA: Ukuta huo. Mnene sana. Karatasi inatakiwa kusukumwa.

Akatuma tena, safari hii akiwa amesimama.

BREKI: Nyie hamjui safari. Mko karibu mno! Hata gari halichanganyi mwendo likiwa uchochoroni. Lete simu.

Akaenda nayo mpaka kwenye kona, mzee wa watu, mkono mmoja juu, akabonyeza. Tukamwona anacheza peke yake, kisha akarudi mbio.

BREKI: Imetumwa! Kutoka kule konani! Nirudi nyuma zaidi?

WAYA: Rudi!

MIMI: Mimi naona ruta imeshiba. Kurasa zimejazana humo tumboni. Inatakiwa kutikiswa.

BREKI: Hapana, zimepotea njia. Zimeingia nyumba ya seremala, naye ana ruta. Jioni atazikuta jikoni kwake.

KINYOZI: Mungu wangu, tangazo langu!

MIMI: Lakini hebu fikirieni. Kama karatasi inapita hewani, kiatu kinashindwaje? Mteja yuko kwake, mimi niko hapa, soli inaruka.

WAYA: Na wewe Kinyozi utanyoa mtu akiwa kitandani kwake!

KINYOZI: Na masikio yake yatabaki?

WAYA: Hayo tutayatumia ukurasa wa pili.

Nilicheka mpaka msumari ukanidondoka. Breki alikuwa ameshafika mbali, anabonyeza na kupiga kelele, anabonyeza na kupiga kelele, na kila akisema "Imetumwa!" sisi tunaitikia kwa makofi. Sijapata kuwa na asubuhi tamu namna ile.

Ndipo seremala akazima mashine yake.

Na kwa mara ya kwanza tukasikia. Krrr. Krrr. Krrr. Sauti ya printa nzee inayokoroma juu ya kabati. Bawaba zikalia, mlango ukafunguka, na Shemeji akatokea na khanga kifuani, jicho moja limefumba, mkononi ana rundo la karatasi. Breki akarudi mbio, simu mkononi.

WAYA: Imefika!

BREKI: Imefika! Zote! Hata ya konani!

Tukakumbatiana mimi na Waya, kahawa ikamwagika. Kinyozi peke yake hakusogea. Alikuwa amekodolea macho bega la mkewe, na mimi nilipotazama huko nikaona mkoba. Ule wa kusafiria.

Shemeji akachukua karatasi ya juu, akaisogeza karibu na jicho lililo wazi, akaisoma kwa sauti taratibu, kama anasomea wagonjwa majina yao.

SHEMEJI: Kimya tafadhali. Kuna mtu amelala.

Akatutazama mmoja mmoja, kuanzia Breki.

SHEMEJI: Naomba kuuliza, shemeji zangu. Huyo mtu ni nani?

Waya akaangalia chini. Mimi nikaanza kuutafuta msumari wangu. Ndani, printa ikatoa nyingine.