Gienia Wojtasik, Aliyesafisha Ofisi za Wahunzi na Kutunza Siri Zao (1938–2019)

Marehemu Genowefa Maria Wojtasik, ambaye nyumbani na mtaani tulimwita Gienia, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1938 katika nyumba ya wazazi wake huko Kaisertown, mjini Buffalo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Walenty Pilarski, mpakuzi wa nafaka kwenye maghala ya bandarini, na mama Stefania, fundi cherehani. Mama Stefania alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo theluji ilifika madirishani, mkunga akaingilia dirisha la jikoni. Gienia mwenyewe hakuipenda hadithi hiyo. Alisema mkunga aliingilia mlangoni kama watu wengine, ila theluji huongezeka kila inaposimuliwa.

Alianza masomo katika shule ya Parokia ya Mtakatifu Kinga mwaka 1944, akaendelea na sekondari ya wasichana iliyoendeshwa na masista, akahitimu Juni 1956. Hesabu alizipenda. Uchapaji ulimshinda. Katika ripoti yake ya mwisho Sista Alojza aliandika: "Genowefa ni mtulivu, lakini si kwamba hana la kusema." Wazazi wake hawakujua kama mtoto amesifiwa au ameonywa, wakaiweka ripoti hiyo kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Baada ya shule alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Wakati huo alikutana na Kazimierz Wojtasik, fundi wa mabehewa ya reli, ambaye sisi wote tulimjua kwa jina la Kazik. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1962. Tarehe hiyo aliichagua bwana harusi, baada ya kuhakikisha kwamba Wahunzi, timu yake ya besiboli, wameshatolewa kwenye mashindano na hawatacheza siku hiyo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Teresa mwaka 1964 na Daniel mwaka 1967.

Tarehe 1 Machi 1971 Gienia aliajiriwa na klabu hiyo hiyo ya Wahunzi kufanya usafi wa ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi, pale uwanjani. Ndipo walipokaa meneja mkuu, watu wa mikataba na watafuta wachezaji. Siku ya kwanza alipewa karatasi ya kusaini, kwamba atakachokiona au kukisikia humo hatakitoa nje. Wengi waliisaini karatasi hiyo bila kuisoma. Yeye aliisoma mara mbili, akasaini, na akaishi nayo.

Kazik alifurahi kuliko siku ya harusi. Wasiojua besiboli hudhani msimu huisha Oktoba, lakini kwa Kazik na wenzake Oktoba ndipo msimu wa pili ulipoanza, msimu wa tetesi za usajili. Nani anakuja, nani anauzwa, meneja mkuu ana akili au hana. Kila Ijumaa, baada ya kula samaki wa kukaanga katika ukumbi wa parokia, walivuta viti pamoja na kuiendesha klabu wao wenyewe. Kinara wao alikuwa Kazik, na mpinzani wake mkubwa alikuwa mdogo wake, Norbert, dereva wa basi. Gienia alikuwa akisaidia jikoni. Kila alipopita na sahani, Norbert alimdaka.

"Shemeji, sikuombi jina. Niambie tu, huyo mrushaji mpya wa mpira anatumia mkono gani, wa kulia au wa kushoto?"

"Anatumia mkono wa kulia samaki wake kabla hawajapoa."

Walipokosa maneno walianza kusoma dalili. Gienia akinunua viatu vipya, klabu imepata fedha. Akirudi amechoka, ofisini kulikuwa na wageni wengi, kwa hiyo kuna mkataba unapikwa. Mwaka 1977 alishikwa na mafua akalala nyumbani siku tatu. Siku ya nne ilizagaa Kaisertown nzima kwamba meneja mkuu amefukuzwa.

Jambo tunalotaka kulieleza kwa urefu kidogo ni la majira ya baridi ya mwaka 1983. Mrushaji bora wa Wahunzi alikuwa Lamar Gaskins, aliyekaa na timu miaka sita. Mkataba wake uliisha mwezi Oktoba. Mji mzima ulibishana kama atabaki, na Kazik alisimama ukumbini akasema, "Atasaini. Naweka jina langu. Yule ni mtu wetu."

Alasiri ya Jumatano tarehe 16 Novemba, Gienia alikuwa akifuta vioo vya ukumbi wa ghorofa ya tatu. Gaskins alitoka ofisini kwa meneja mkuu, akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kofia. Gienia alimletea maji, akarudi kwenye vioo vyake. Baada ya muda yule mtu alisema, bila kuulizwa, kwamba ana binti wa miaka saba, figo za mtoto zimekufa, na madaktari anaowaamini wako mji mmoja wa pwani ya magharibi. Lazima ahamie huko, na kuna timu moja tu huko.

"Timu hiyo wakijua kwamba sina pengine pa kwenda, watanikamua," alisema. "Na sitaki mwanangu ahurumiwe kwenye magazeti. Mama, tafadhali lisitoke hapa."

"Halitoki," Gienia akamjibu.

Mwezi Desemba Gaskins alisaini na timu ya magharibi. Klabu ilitangaza tu kwamba pande mbili hazikuafikiana. Redioni watu walipiga simu kutwa kumlaani kwa tamaa ya pesa. Kazik aliumia kuliko wengi kwa sababu aliweka jina lake. Wenzake wa karakana ya reli walimcheka, wakamwekea chuchu bandia ya mtoto mchanga kwenye meza yake ya kazi. Mapenzi yake kwa Gaskins yaligeuka chuki, na Gienia alikaa akiyasikia matusi hayo mezani kwake, asubuhi na jioni.

Ijumaa tarehe 20 Januari 1984, Norbert na wenzake waliwasha moto kwenye pipa nje ya ukumbi wa parokia. Kila mwenye fulana yenye jina la Gaskins aliambiwa ailete.

"Tangulia wewe, kaka," Norbert alisema. "Wewe ndiye uliyemwamini kuliko sote. Mchome mamluki wako!"

Kazik alipoinyanyua fulana yake, Gienia alitoka jikoni na aproni, bila koti, akaipokonya mkononi mwake.

"Hii haichomwi."

"Gienia, usiniaibishe mbele za watu."

"Nimeifua miaka sita. Anayetaka kuchoma, achome aliyoifua mwenyewe."

Wanaume walicheka. Norbert hakucheka. Alimtazama sana, akasema, "Shemeji, wewe unajua kitu."

"Najua viazi vinaungua," akajibu, akarudi ndani na ile fulana.

Nyumbani mambo hayakuwa ya kucheka. Teresa, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa ngazini na aliwasikia wazazi wake.

"Kuna nini ulichokiona mle ofisini?" Kazik aliuliza.

"Siwezi kukuambia."

"Miaka ishirini na mmoja ya ndoa, unaificha siri ya ofisi kwa mumeo?"

"Si ya ofisi."

"Ya nani, basi?"

"Ya mwenyewe."

Kazik hakuongea naye tena. Mezani alipitisha maneno kwa binti yake. "Mwambie mama yako anipe chumvi." "Mwambie baba yako iko mbele yake." Siku ya nane alifunga begi akahamia kwa Norbert. Gienia aliendelea kwenda kazini saa tatu asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Teresa alipomlilia kwamba aseme tu neno moja amalize ugomvi, alimjibu hivi: "Baba yako amenikasirikia, na hasira huisha. Yule mtu akidhurika kwa mdomo wangu, hilo haliishi." Lakini Teresa anakumbuka kwamba wiki hiyo mama yake alipika chakula cha watu wanne kila siku, akakitupa cha mmoja.

Siku ya kumi na mbili Kazik alirudi na begi lake, akasema kwa Norbert kuna baridi. Aliongea, lakini kama mpangaji. Dansi ya parokia hawakwenda mwaka huo. Ilikuwa hivyo miezi mitano.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 12 Juni, Kazik alifungua gazeti akiwa amesimama jikoni. Iliandikwa kwamba Lamar Gaskins hatacheza tena besiboli. Alikuwa amempa binti yake figo moja, na mtoto anaendelea vizuri. Kazik aliisoma habari hiyo mpaka mwisho, akarudia.

"Ulijua tangu lini?"

"Habari ya figo yake sikuijua. Ya mtoto, tangu Novemba."

"Ungeniambia mimi. Mimi ni mumeo."

"Wewe ni mume wangu, Kazik. Lakini mtoto ni wake."

Kazik alikunja gazeti. Kisha akaenda kazini akasahau chakula chake, na Gienia akampelekea karakanani, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Hatujui walizungumza nini huko. Walirudi pamoja kwa miguu, na ni mbali.

Ijumaa iliyofuata Kazik alisimama ukumbini. "Nilimtukana baba aliyekwenda kumpa mwanawe figo," alisema. "Nilimtukana humu, nikamtukana nyumbani. Mke wangu alijua, akanivumilia. Ni hayo tu." Akakaa. Norbert aliweka uma chini, akaenda jikoni.

"Shemeji, nisamehe."

"Chukua kitambaa hicho, ufute vyombo."

Alifuta mpaka vikaisha.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena habari za ofisini. Tetesi ziliendelea, ila alipopita na sahani watu walinyamaza ghafla kama amepita padri. Alisema hilo lilimkera kuliko maswali.

Alistaafu Ijumaa tarehe 30 Machi 2001, baada ya miaka thelathini. Majira ya baridi yaliyofuata, Ijumaa ya kwanza, alivua aproni, akavuta kiti mpaka kwenye meza ya wanaume, akasema, "Sogeeni. Miaka thelathini nimefunga mdomo." Akaanza kutabiri. Ukumbi mzima ulimsikiliza, kwani kama kuna mtu anayejua fikra za ghorofa ya tatu, ndiye huyo.

Ukweli lazima usemwe hata siku kama ya leo. Hakujua kutabiri kabisa. Kwa miaka kumi na minane alitaja wachezaji wasiopungua arobaini, wakasajiliwa wawili, na mmoja wao alisajiliwa na timu nyingine. Aliwapenda wachezaji wazee, wenye familia kubwa, na wale waliosalimia. Alibisha kwa sauti, akapiga meza, akamwita meneja mkuu mpya kichwa cha kabichi. Wajukuu waliokuja kumchukua ukumbini walimngoja nje garini hadi wakachoka.

"Shemeji," Norbert alimwambia, "umeshinda mle ndani miaka thelathini, hukujifunza chochote?"

"Nilijifunza kufuta meza. Wewe wa basi, umejifunza nini?"

Kazik alifariki tarehe 2 Mei 2009 kwa maradhi ya mapafu, baada ya Gienia kumuuguza nyumbani miaka miwili. Baada ya arobaini ya mumewe hakukosa Ijumaa hata moja.

Mwaka 2017 moyo wake ulianza kudhoofika. Alilazwa mara tatu, kisha akaomba asirudishwe hospitali. Oktoba mwaka huu alihamia kwa Teresa huko Cheektowaga, akauguzwa na bintiye, wauguzi wa wagonjwa mahututi, na majirani waliopika supu ya kiazisukari nyingi kuliko inavyoweza kunyweka. Norbert alikuja kila siku na gazeti, akamsomea habari za usajili. Jumatatu tarehe 9 Desemba, wakubwa wa besiboli wakiwa wamekutana kwa mkutano wao wa mwaka, Gienia alifungua macho akasema Wahunzi watamsajili mpigaji mmoja mkongwe wa Texas.

"Yule? Ana miaka thelathini na minane, na goti bovu!"

"Andika."

Norbert aliandika pembeni mwa gazeti, akatia tarehe. Gienia alifariki kwa utulivu kesho yake, Jumanne tarehe 10 Desemba 2019, saa moja kasorobo asubuhi, mikononi mwa Teresa. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Ameacha binti, Teresa Malecki, na mumewe Gordon. Mwana, Daniel, na mkewe Yvonne. Wajukuu watano na kitukuu mmoja, Adele. Mdogo wake wa mwisho, Klara Pilarski. Wapwa na watoto wa ndugu wengi, akiwemo Bernadette Pilarski, binti wa kaka yake, anayesoma wasifu huu. Na shemeji yake Norbert Wojtasik. Mpaka karatasi hizi zinakwenda kuchapwa, klabu ya Wahunzi haijatangaza usajili wa mtu yeyote. Norbert, aliyembishia marehemu kila majira ya baridi kwa miaka kumi na minane, ameomba iandikwe humu kwamba safari hii anakubaliana naye.

Bwana ampokee Gienia wetu, ampumzishe.