Kaburi la Magdalene Msituni: Risala ya Wazaliwa wa Mlima Kenya Waishio Kisumu, Aprili 1991

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Misitu, uliyetoka mlimani kwetu kuja kupanda miti nasi hapa Kisian; Bwana Chifu; majirani wetu wapendwa:

KARIBU
Tunakukaribisha kwa furaha, na pia kwa wivu kidogo. Juzi asubuhi wewe uliuona mlima. Wengine wetu hatujauona kwa miaka mitano.

TULIKOTOKA
Sisi ni familia kumi na moja. Tulizaliwa katika kijiji cha wapanda miti, ndani ya msitu, chini kidogo ya mianzi. Baba zetu walipanda mierezi, na katikati ya miche mama zetu walilima viazi. Wazee walitundika mizinga ya nyuki juu ya miti, na asubuhi, kabla ya ukungu kufunika kilele, walisimama wakiuelekea mlima wakaomba. Maji ya mto yaliuma meno.

Mwaka 1986 tuliambiwa kijiji kinafungwa ili msitu upumzike. Tulihama ndani ya siku tatu. Wengine walibaki mijini karibu na mlima. Sisi tulifuata ndugu zetu waliokuwa wakiuza viazi soko la Otonglo hapa Kisumu, tukapanga vyumba Obunga.

MAISHA YETU HAPA
Tumepokelewa vizuri. Mama Dorca Amolo, muuza samaki, ndiye aliyetufundisha kula omena bila kukunja uso. Tulipomwambia kwamba juu ya mlima wetu kuna barafu mwaka mzima, alicheka mpaka akashika mbavu.
"Barafu bila friji? Nyinyi watu wa viazi, mnanidanganya!"

Sasa ni mwanachama wa kikundi chetu, wa pekee asiyetoka mlimani. Tuna kitalu cha miche mia sita, na miche utakayopanda leo imetoka hapo. Mbegu za mwerezi tulizokuja nazo zilichipua, kisha jua la hapa likazimaliza. Hatukujaribu tena.

LINALOTUSUMBUA
Mgeni rasmi, barabara na maji tumeshawaeleza wakubwa wengine. Leo tunasema jambo moja.

Mama Mwihaki, aliyeketi pale mbele, alimzika binti yake Magdalene kijijini mwaka 1979. Mtoto alikuwa na miaka sita, akauawa na kichomi wakati wa baridi ya Julai. Tulipohama, Mama alikuwa wa mwisho kupanda lori. Alipofika Obunga alimwomba mwenye nyumba ruhusa, akaziba mlango wake wa mbele na kutoboa mwingine upande wa mashariki, uliko mlima. Kutoka hapo huona vilima vya Nandi tu. Anajua hivyo. Hufungua kila asubuhi.

Mwaka jana tulimsindikiza hadi lango la msitu. Askari kijana alimsalimu kwa heshima.
"Mama, kibali kiko wapi?"
"Naenda kumsalimu mtoto wangu."
"Yuko kambi gani?"
"Hayuko kambini. Yuko chini."

Kijana alivua kofia. Lakini hakuwa na mamlaka ya kufungua, nasi hatumlaumu. Mama alilala mjini siku mbili akingoja, kisha tukarudi naye.

OMBI
Hatuombi mashamba. Hatuombi kurudishiwa kijiji, ingawa ukituuliza kama tunakiota, hatutasema uongo. Tunaomba kibali cha siku moja kila mwaka, tupande tukafyeke makaburi yetu, na tushuke kabla ya jua kuzama.

Tunaomba kisichelewe. Mwezi uliopita daktari alimwambia Mama Mwihaki kwamba moyo wake hauwezi tena kupanda mlima. Alipotueleza, Mama Dorca alisema, "Basi nitaenda mimi. Niambie tu alipo."
Mama Mwihaki akamwambia: ukivuka mto, mawe saba, upande wa kulia.
"Lakini nitamwambia nini? Kikikuyu sijui."
"Ongea Kijaluo chako," Mama akajibu. "Mwambie umetoka kwangu. Ataelewa."

Mgeni rasmi, jina la kwanza katika orodha ya watakaopanda mlima tuliyokukabidhi ni Dorca Amolo.

Mungu akulinde njiani, na ukifika, utusalimie mlima.

Ni sisi,
Kikundi cha Wazaliwa wa Mlimani, Obunga na Otonglo.
Imesomwa na Ephantus Ndegwa, katibu.