Akiba Iliyowekwa Mlangoni

Nyuma ya hospitali kuna geti dogo ambalo hakuna mgonjwa anayelitokea kwa miguu yake. Mbele ya geti hilo kuna benchi la mbao. Kushoto kwake ni karakana ya Msumari, mtengeneza majeneza. Kulia ni meza ya kahawa ya Mama Buni. Na mbele kabisa huegeshwa gari jeusi la Breki, dereva wa kubeba maiti. Watu wa benchi hilo wameizoea mauti kama mpishi alivyozoea moshi: wanazodoana, wanabishana, wanacheka mpaka wafiwa wanageuka kuwatazama. Lakini asubuhi hiyo kahawa ilikuwa imempoa Breki mkononi. Dada Seva, fundi wa kompyuta wa hospitali, alikuwa amekuja kukaa katikati yao, kompyuta mapajani, diski mbili pembeni, na waya mrefu wa umeme ukitokea karakanani kwa Msumari. Ofisi ya mochwari haikaliki, alisema. Harufu ya dawa, na simu hainyamazi.

– Kwani imekufa au imezimia? – Msumari aliuliza, randa mkononi.

– Imekufa. Umeme si ulikatika jana jioni? Uliporudi ulirudi na kishindo, ukaondoka na diski kubwa ya mashine ya mochwari.

– Basi niletee niipime. Mbao laini au ngumu?

Mama Buni akacheka. Breki hakucheka. Jana jioni, amesema. Sio leo asubuhi. Jana jioni.

– Na majina ya watu wote waliomo mle ndani yalikuwa humo? – Mama Buni akauliza, akimimina.

– Yote. Miguuni wana namba tu, majina yako kwenye mashine. Rejista ya karatasi tuliiacha siku mfumo ulipoletwa.

– Lakini una nakala, – Msumari akasema. – Wahenga walishasema, akiba haiozi.

– Hii imeoza, bwana.

Jua lilikuwa limechomoza tu Breki alipofika mochwari asubuhi ile kuchukua mteja wake wa kwanza. Baridi, mhudumu wa zamu ya usiku, alimpokea akipiga miayo. "Mashine imelala," alimwambia, "lakini huyu nilimpokea mimi mwenyewe, namkumbuka. Sitini na nane." Wakamtoa, amefungwa kitambaa toka utosini hadi vidoleni. Wakamweka kwenye jeneza, wakapigilia misumari. Breki akampeleka kwa wazazi wake, ng'ambo ya kilima. Baba wa marehemu alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia asante mwanangu.

Mashine imelala. Yeye alidhani imelala tu.

– Mimi nawaambia ni ubaridi, – Msumari alikuwa akiendelea. – Ile mashine imepakana ukuta na majokofu. Majina yameganda. Iwekeni juani, yatayeyuka yenyewe.

– Ubaridi wapi! – Mama Buni akadakia. – Yule mkubwa mpya wa hospitali ameyauza. Majina ya wafu yana soko, nyie. Mengine yanapiga kura.

– Basi sikiliza. Ni marehemu wenyewe. Mtu umeishi na jina lako maisha yako yote, unafika pale unaitwa namba. Wamegoma!

– Msumari, nyamaza bwana, – Mama Buni akamkatiza.

– Usipoziba ufa, utapata hewa.

– Hiyo siyo methali, hilo ni dirisha.

Breki alimwegemea Dada Seva kidogo, kama mtu anayetaka kuona kioo.

– Dada, – alisema chini chini, – si ile programu ilikuwa inatuma ujumbe kila siku kwamba imemaliza kunakili? Nilikuona ukimwonyesha mkubwa.

– Kila siku. "Nakala imekamilika." Hata ya jana ninayo.

– Sasa imekuwaje?

Dada Seva akaiinua diski ndogo, ile ya nje. Macho yake yalikuwa mekundu.

– Nakala zilitakiwa ziingie humu. Sasa hii Linux, mfumo unaoendesha mashine yetu, kaka, diski ya nje haikai tu yenyewe. Unaipachika kwenye folda, hiyo folda inakuwa mlango wake. Ikipachikwa, ukiweka kitu mlangoni kinaingia ndani ya diski. Isipopachikwa, ule mlango bado upo. Unapokea vilevile. Ila nyuma yake hakuna nyumba.

– Ni kama nisukume jeneza nyuma ya gari, – Breki akasema taratibu, – kumbe gari halipo.

– Na unaandika kwenye karatasi: nimepakia. Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ilizimwa na kuwashwa wakati wa zile mvua kubwa. Mipangilio ilikuwa inaitambua hii diski kwa nafasi iliyoikalia, si kwa jina lake. Siku hiyo flashi ya mtu ilikuwa imekaa kwenye nafasi yake. Diski haikupachikwa, na programu haikuuliza. Tangu mvua mpaka jana imekuwa ikirundika nakala mlangoni, yaani humo humo kwenye diski kubwa. Ile iliyokufa.

Msumari aliiweka randa chini.

– Kwa hiyo walioingia kabla ya mvua wana majina, – akasema. – Walioingia baada ya mvua…

– Wana namba.

Mama Buni alifunika birika kama vile nalo lingeweza kusikia. Breki alijiambia Baridi hakosei, Baridi ana miaka mingi kazini. Alikwishampigia mara tatu. Zamu imeisha, simu imezimwa.

Mwanamke mmoja alikuja akitokea upande wa barabara, mfuko wa nguo mkononi, viatu vimejaa vumbi. Alisimama mbali kidogo, kama wanavyosimama watu wote wanaokuja getini pale kwa mara ya kwanza.

– Habari za kazi, jamani.

– Nzuri, mama. Karibu. Pole, – Mama Buni alijibu kwa niaba ya wote.

– Asante. Nimeambiwa nije upande huu. Mimi ni dada yake yule kijana wa ajali ya basi, lile lililoshika moto mwanzoni mwa wiki. – Aliwatazama mmoja mmoja, kwa adabu. – Mdogo wangu yuko namba ngapi?

Msumari, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alitazama viatu vyake.

Basi lililoshika moto. Yule wa asubuhi naye alitoka kwenye basi hilo hilo.

– Wa basi waliletwa wangapi? – Breki aliuliza.

– Wawili, – akajibu Dada Seva. – Wanaume wawili. Daktari aliagiza wasifunuliwe, hawatambuliki. Walitambuliwa kwa vitambulisho. Yakaandikwa majina kwenye mashine, kila mmoja na namba yake, na polisi wakaondoka na vitu. Sitini na nane na themanini na sita. Namba ninazijua. Nani ni nani, ndiyo sijui.

– Sijaelewa, – mwanamke alisema. – Hamjui yuko wapi?

Hapo Breki angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia, na lilikuwa wazo tamu: jeneza limepigiliwa, wenyewe wameagizwa wasilifungue, leo leo watazika, na udongo hausemi. Mwanamke huyu angepewa yule aliyebaki, naye angelia na kuzika. Hakuna ambaye angejua mpaka mwisho wa dunia. Aliutazama mfuko wa nguo, akamtazama mwenye mfuko, akaona hawezi.

– Nilimbeba mmoja leo asubuhi, – alisema. – Sitini na nane. Baridi alinitolea kwa kukumbuka tu.

– Mashine ikiwa imeshakufa? – Dada Seva alisimama nusu.

– Sikujua! Aliniambia imelala!

– Mungu wangu, – Mama Buni akasema. – Wanazika saa ngapi?

Breki alikwishatoa simu. Vidole vilikosea, vikarudia. Iliita kwa muda mrefu. Akaiweka sauti juu, maana hakutaka kuwa peke yake nayo.

– Shikamoo, mzee. Ni mimi, dereva wa asubuhi.

– Marahaba, mwanangu, – sauti ya mzee ilijibu, na nyuma yake watu wakiimba. – Vipi, umesahau kitu?

– Mzee… msizike.

– Nini? Hatusikilizani, tumeshafika makaburini.

– Msizike, mzee! Nakuomba. Huenda nimekukosea. Huenda siye.

Kule upande wa pili nyimbo zilikatika, sauti moja baada ya nyingine. Mzee alipumua kwenye simu.

– Jeneza liko juu ya kamba, – alisema. – Vijana wamelishika. Unaniambia siye mwanangu?

– Sijui, mzee. Ndilo tunalolitafuta sasa hivi.

– Basi tafuteni. Sikati simu.

Wote wakamgeukia Dada Seva. Alikuwa ameshavuta ile diski kubwa, iliyokufa, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya mfupi. Ilikuwa ikitoa mlio, ka, ka, ka, kama mtu anayegonga mlango asiotarajia kufunguliwa.

– Haijafa yote, – alisema haraka haraka. – Tangu alfajiri naisoma kipande kwa kipande. Panapokwama programu inaruka, inarudi baadaye. Zile nakala za mlangoni zimo humu. Nimeshatoa folda yake karibu yote. Nilikuwa naogopa kuzifungua.

– Kwa nini uogope? – Msumari aliuliza.

– Kwa sababu sijawahi kujaribu kurudisha majina kutoka kwenye nakala hata moja.

Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa akiandika, macho hayatoki kwenye kioo, na mistari ikipanda. Mwanamke alisogea, akasimama nyuma ya bega lake.

– Ya jana… imeharibika. Haifunguki.

Ka, ka, ka.

– Ya juzi inafunguka. Subiri. Inafunguka, imefika nusu… imekwama. Imevunjika katikati.

– Wahenga walisema… – Msumari akaanza, akaacha.

– Mwanangu, – simu ikasema, – vijana wanachoka.

– Wapumzishe, mzee. Liwekeni pembeni, juu ya ardhi. Tafadhali.

Wakasikia mzee akiamrisha, mbali na simu. Wakasikia mwanamke fulani kule makaburini akianza kulia upya, kilio cha mtu aliyekwishamaliza kulia na sasa anaambiwa arudie. Breki alifumba macho. Alitamani sakafu ya dunia ipasuke immeze yeye badala ya yeyote.

– Kuna ya siku ile ile ya basi, – Dada Seva alinong'ona. – Ilinakiliwa usiku wake. Kama walikuwa wameshaandikwa, wamo. Jamani, msiniongeleshe.

Hata birika la Mama Buni liliacha kutokota, maana alikuwa ameliondoa kwenye jiko bila kujua. Mstari mmoja ukapita kwenye kioo, mwingine, mwingine. Kisha mistari ikasimama, na Dada Seva hakuandika tena kitu.

– Imefunguka yote, – alisema.

Akatafuta namba. Breki aliona midomo yake ikisoma bila sauti, kisha ikarudia. Aligeuka, akamtazama mwanamke aliye nyuma yake.

– Mama, jina la mdogo wako ni nani?

Mwanamke akalitaja.

Dada Seva aliweka kidole kwenye kioo, mahali penye jina hilo, ili aone mwenyewe. Pembeni yake paliandikwa sitini na nane.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Breki, na mzee alikuwa akisema haloo, haloo, mwanangu, mbona kimya. Breki aliwaza atamwambiaje, ataanza na lipi, mzee aliyemshika mkono kwa mikono miwili.

Ndipo mkono ukashuka begani kwake, ukaichukua simu taratibu.

– Shikamoo, baba, – mwanamke alisema. – Mimi hunijui. Huyo mliye naye hapo ni mdogo wangu.

Upepo ulivuma kwenye simu, kutoka makaburini.

– Mdogo wako, – mzee akasema.

– Ndiyo, baba. Msimwache peke yake, nakuomba. Nakuja.

– Hatuwezi kumwacha. – Sauti ya mzee ilikatika, ikarudi. – Tumekwishamlilia. – Kisha, baada ya muda, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa jibu: – Na wangu, mama? Wangu yuko na nani?

Mwanamke alilitazama lile geti dogo. Aliwatazama watu wa benchi, ambao hakuna hata mmoja aliyeweza kumtazama.

– Yuko na mimi, – alisema. – Tunakuja pamoja.

Waliingia wote wanne ndani ya mochwari, Msumari na jeneza alilokuwa hajalimaliza kupiga randa, Dada Seva na kompyuta wazi mikononi. Themanini na sita ilisomwa miguuni, ikasomwa kwenye kioo, ikasomwa tena miguuni, na kila aliyekuwapo akaisoma kwa mdomo wake. Mama Buni alibaki nje, akijaribu kukumbuka ni nani alikuwa hajalipa kahawa, akashindwa, akamwaga iliyobaki.

Breki aliwasha gari, mwanamke ameketi pembeni yake. Kila baada ya kona, mpaka ng'ambo ya kilima, Breki alilitaja jina la aliyelala nyuma, kwa sauti, na mwanamke aliitikia kwa kulirudia.