Bi Koti Aliyeidai Ripoti Yake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtafiti wetu mwandamizi wa baiolojia ya molekuli anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika taasisi hii. Wakubwa humwita Profesa. Sisi wengine, tangu tulipohakikisha kwamba hafukuzi mtu kazi, tumemwita Bi Koti, kwa sababu hakuna anayeingia maabara yake na koti alilolivaa katika chumba kingine. Mkurugenzi mmoja alijaribu. Alitolewa nje pamoja na wageni wake, na chai yao ikapoa.

Aliajiriwa akiwa msaidizi wa utafiti, wakati maabara nzima ilikuwa meza mbili, jokofu lenye kelele na feni ya kuzungusha vumbi. Kazi yake ilikuwa kusoma vinasaba vya virusi vya homa inayoua ndama. Shahada ya uzamivu aliipata huku akilea mapacha. Mumewe, fundi cherehani, anasema siku hizo nyumbani kulikuwa na watoto wawili na kirusi kimoja, na kirusi ndicho kilichodekezwa.

Makala yake inayonukuliwa zaidi na watafiti wenzake ilianza na balaa. Kipimo alichokibuni kilionyesha virusi katika damu ya ng'ombe wazima kabisa, katika mazizi kumi na moja. Pendekezo likawa wachinjwe wote kabla homa haijasambaa. Ripoti ikafika kwa mkurugenzi. Mimi, jina la pili kwenye ripoti hiyo, nilikuwa nimeshashona suti ya kwenda kuiwasilisha.

Bi Koti hakutulia. Miongoni mwa mazizi hayo lilikuwamo la kaka yake mkubwa, mfugaji aliyemsomesha tangu darasa la kwanza. Akarudia kipimo, na safari hii akaongeza kijichupa kimoja cha maji matupu, ambacho hakitakiwi kuonyesha chochote. Maji yakaonyesha virusi! Akaenda kuidai ripoti yake. Mkurugenzi akamshauri kijichupa kile wakiache tu, si ni kimoja. Akajibiwa kwamba maji hayaugui homa ya ndama. Ripoti ikarudi, suti ikaingia kabatini, na minong'ono ikaanza kwamba mama wa watu anaokoa ng'ombe wa kaka yake. Wengi waliamini.

Alichofanya kikawafunga midomo. Sampuli zilipelekwa maabara nyingine zikiwa na namba bila majina, na yeye hakuzigusa. Majibu yakaja: mazizi kumi ni safi. La kumi na moja lilikuwa na virusi kweli, na chembe za vinasaba vya virusi hivyo ndizo zilizopeperuka chumbani kwetu na kuchafua sampuli nyingine zote. Lilikuwa zizi la kaka yake. Bi Koti alitia saini kwa mkono wake, na ng'ombe wa zizi hilo wakachinjwa wote.

Makala aliyoiandika kuhusu chembe hizo ndiyo iliyotuletea utaratibu wa vyumba viwili: sampuli zitayarishwe huku, vinasaba vizidishwe nakala kule ili vipimike, na koti lisivuke mlango. Maabara nyingi za mifugo, za karibu na za ng'ambo, zinaufuata. Mwenyewe hucheka kwamba wenzake wamepata majina kwa ugunduzi, yeye kwa uchafu. Amesimamia wanafunzi kumi na tisa wa uzamivu, na sidhani yupo ambaye hajawahi kulia mbele ya kijichupa cha maji.

Kaka yake alinuna miaka. Hakukanyaga tena kwa dada yake, hata harusi ya mpwa wake hakuja. Kazini Bi Koti hakulisema hilo. Tulilisikia kwa mumewe, na lilituuma. Kaka alianza upya na mitamba wawili, taratibu, peke yake.

Wiki iliyopita alipiga simu. Ana ndama mwenye homa. Daktari wa mifugo ameshamwona, lakini mzee amegoma: majibu atakayoyaamini ni ya dada yake tu. Bi Koti anaondoka Jumamosi asubuhi, na zawadi zetu atazifungulia huko huko.

Profesa wetu, dada yetu, asante kwa kazi. Tunakuombea afya njema na mapumziko marefu, na ndama yule apone.