Mama Hatujui na Vistari vya Jedwali la Nne

Kwa heshima zote, na baada ya kushauriana na idara zinazohusika, inatangazwa kwamba mto wa kiti wa rangi ya kahawia, wenye kiraka pembeni, uliokuwa chumba namba sita ghorofa ya pili, utaondoka rasmi katika utumishi siku ya Ijumaa, tarehe thelathini Septemba, saa tisa na nusu alasiri. Mto huo haukuwahi kuingizwa kwenye orodha ya mali za ofisi, kwa hiyo hauhitaji maandishi ya kuuaga. Anayeukalia anayahitaji, na ndiyo haya.

Mwenye mto ametumika miaka thelathini na minne na miezi miwili. Aliingia Idara ya Mipango akiwa karani wa takwimu wa daraja la chini kabisa, akapewa meza isiyo na droo na kazi ya kujumlisha upya namba ambazo mwenzake alikwisha kuzijumlisha, ili ionekane kama jibu ni lile lile. Waliomtangulia katika kazi hiyo walikuwa wakitazama jibu la mwenzao na kuandika "sawa". Yeye alijumlisha. Wiki ya kwanza alikuta makosa kumi na manne. Wiki ya pili alijikuta hana wa kula naye mchana.

Alipanda ngazi taratibu, kwa masomo ya jioni na kwa kuwazoesha watu kukosolewa, mpaka akawa mkuu wa sehemu ya makadirio, cheo alichokishika kwa miaka kumi na mitatu. Kompyuta zilipoletwa, ofisi nzima ilishangilia kwamba kujumlisha kwa mkono kumekwisha. Yeye alishukuru, akafuta vumbi kwenye kioo, akaendelea kujumlisha kwa penseli nyekundu kila kitu ambacho mashine ilikuwa imekwisha kukijumlisha. Fundi wa kompyuta alimweleza kwamba mashine haikosei. Alimjibu kwa upole kwamba ni kweli haikosei, ila inatii tu, na yeye huwa anawaogopa wanaotii bila kuuliza.

Penseli hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye mjadala ambao wengi wetu tutamkumbuka kwao.

Dirisha la chumba namba sita linatazama reli, na ng'ambo ya reli ni kiwanda cha saruji. Mfagizi akipangusa kingo za dirisha asubuhi, ikifika saa saba unaweza kuandika jina lako kwa kidole na likasomeka. Tanuru la kwanza la kiwanda hicho ni la zamani, linakula makaa ya mawe kama halijui kushiba, na swali lilikuwa moja: lizimwe na kujengwa jingine linalotoa gesi joto kidogo, au liachwe? Gharama ni kiasi gani, na nani ataibeba? Swali hilo limedumu katika ofisi hii kuliko baadhi ya ndoa za watumishi wake.

Kila kikao kuhusu tanuru kiliendeshwa kwa karatasi inayoitwa Jedwali la Nne, lenye safu mbili. Safu ya kushoto ni gharama ya kupunguza gesi: kubomoa, kujenga, kununua mitambo, bei ya saruji kupanda. Safu ya kulia ni gharama ya kutopunguza. Ya kushoto ilionekana imejazwa mpaka senti. Ya kulia ilikuwa ngumu, kwa hiyo tangu enzi za taipureta ilikuwa desturi yetu kuweka kistari, kwa maana kwamba bado hatujafika huko. Kompyuta haikuelezwa desturi hiyo. Ilipokutana na kistari ilisoma sifuri, na kwa miaka kumi na moja ikatoa jibu lile lile kwa herufi nzito: kupunguza ni hasara tupu, kutopunguza ni bure. Wakubwa walilijadili jibu hilo kwa uchungu. Walipiga meza, wakaahirisha, wakanywa chai. Hakuna aliyeinama kuvitazama vistari.

Mstaafu wetu aliviona kwa sababu alijaribu kuvijumlisha kwa mkono, na kistari hakijumlishiki. Alipanda kwa mkuu wake kuuliza. Mkuu akasema, sasa tuandike nini, mama, na wenyewe hatujui? Akajibiwa kwamba basi tuandike hatujui. Kompyuta ilikataa kupokea neno mahali pa namba, kwa hiyo siku mbili mfululizo hakwenda kula, akakaa na nakala sitini za jedwali na kuandika kwa penseli nyekundu, safu nzima ya kulia, HATUJUI.

Kikao kilianza vizuri. Mwenyekiti alisoma kwa sauti kwamba gharama ya kupunguza ni bilioni arobaini na moja, na gharama ya kutopunguza ni, akavua miwani, akauliza ni nani anafanya mzaha na nyaraka za serikali. Mstaafu wetu akasimama na kusema kwamba hakuna mzaha, mheshimiwa. Kwa miaka kumi na moja tumesema bure mahali tulipotakiwa kusema hatujui. Kumbukumbu za kikao hicho zipo masjala kwa anayetaka kuzisoma. Tangu siku hiyo, kuanzia mlinzi wa getini hadi kwa mkurugenzi, anaitwa Mama Hatujui, na kwa mtakwimu hilo si jina dogo.

Adhabu yake ilikuwa kupewa safu hiyo aijaze mwenyewe. Ilimchukua miaka miwili. Alikaa kwenye benchi la zahanati iliyo nyuma ya kiwanda akinakili daftari la wagonjwa. Alikwenda kwa wahandisi wa madaraja kuuliza ni mara ngapi wamejenga daraja lile lile. Aliwafuata wakulima wa juu mtoni, ambao walimweleza mengi kuhusu mvua na mengine kuhusu wakwe zao, na akayaandika yote mawili, akatumia la kwanza tu.

Kwa ukali wake hakumbagua mtu. Ofisa wa mazingira, ambaye tunamwita Dada Kijani kwa sababu ya daftari lake, alitaka kila kikohozi cha zahanati kihesabiwe kuwa ni madhara ya gesi joto. Mama Hatujui alimkatalia mbele ya watu: vumbi ni vumbi na hewa ukaa ni hewa ukaa, mwanangu, usinichanganyie kifua cha mtu na mvua ya dunia nzima. Vikohozi vikapewa mstari wao.

Na kulikuwa na Profesa. Wageni waelewe kwamba si profesa. Ni mshauri wa uchumi wa wenye viwanda, na jina alilipata kwa miwani yenye kamba na kwa kuanza kila sentensi na neno "kimsingi". Kimsingi, alisema Profesa, tanuru letu ni kijiko cha maji baharini. Tukilizima sisi, saruji tutanunua nje, kwa wenye matanuru machafu zaidi, na gesi itakuwa ile ile. Wengi tulitegemea Mama Hatujui atamrarua. Alisema, hoja hiyo ni nzuri, Profesa, nipe namba zake. Akaiongezea mstari kwenye safu ya kushoto. Kisha akasema kwamba matanuru mengine nayo yana maprofesa wao, na kila mmoja anashika kijiko chake na kusema hivyo hivyo, hivyo naomba namba za vijiko vyote. Profesa alicheka mpaka kamba ya miwani ikanasa kwenye kalamu.

Walibishana wiki nne kuhusu asilimia. Profesa alipunguza hasara za mbele kwa kumi kwa mia kila mwaka, kama wanavyofanya wenye mitaji, kwa sababu shilingi ya leo si ya kesho. Mama Hatujui alikaa na penseli, akarudi na karatasi moja: kwa hesabu hiyo, hasara ya shilingi mia na kumi na saba itakayompata mtu miaka hamsini ijayo, leo tunaihesabu shilingi moja. Akamuuliza Profesa mjukuu wake ana umri gani. Miezi minne, alijibu mwenzake, na akaongeza kwamba hilo ni pigo la chini ya mkanda. Hawakupatana, lakini jedwali likatoka na majibu matatu, kwa asilimia tatu tofauti, kila msomaji achague ni lipi litampa usingizi. Profesa bado anasema ndiyo kazi ya kiuchumi iliyo safi kuliko zote alizowahi kushindwa nazo.

Safu ya kulia ilipojaa, mizani ikageuka. Kwa majibu mawili kati ya matatu, kuacha tanuru liwake kulikuwa ghali kuliko kulizima. Dada Kijani aliandaa muhtasari wa mwisho kwa furaha, na kura ilipangwa Alhamisi. Jumatatu yake Mama Hatujui akaupitia muhtasari kwa penseli, kama kawaida, na safari hii upande wa kushoto, kwenye mstari wa ajira, akakuta kistari.

Hapo inabidi tueleze jambo ambalo ofisini wachache walilijua. Mdogo wake, aliyemfuata kuzaliwa na ambaye alimlipia shule, ni mwendeshaji wa tanuru la kwanza. Ana miaka ishirini na mitatu pale, watoto watano, na ujuzi ambao hauuziki popote isipokuwa mbele ya tanuru la makaa kama hilo. Akikiacha kile kistari, tanuru litazimwa, mdogo wake atakosa kazi, na hakuna karatasi itakayosema kwamba ilitokea. Akikijaza, mradi alioupigania miaka yote huenda ukaanguka, na kwa mkono wake.

Dada Kijani alimsihi. Mama, alisema, tuna siku tatu, hao watu tutawafikiria baadaye. Mama Hatujui akajibu kwamba baadaye ndiko tulikokuwa tumeiweka safu ya kulia. Akavaa viatu vya kutembelea, akavuka reli, akahesabu kadi za wafanyakazi kwa mlinzi wa getini, zamu moja baada ya nyingine, akarudi akaandika: watu mia mbili na kumi na wanne. Kiwango cha hasara: majina yameambatanishwa. Jina la mdogo wake lilikuwa la sitini na saba, kwa mpangilio wa alfabeti, bila alama yoyote.

Mradi ulianguka Alhamisi hiyo kwa kura mbili. Dada Kijani hakumsalimia kwa miezi minne. Mdogo wake alikuja mpaka chumba namba sita akiwa na nguo za kazi, na kwa kuwa milango ya ofisi hii ni ya mbao nyepesi, tulimsikia akisema, dada, umeniweka kwenye jedwali. Naye akamwambia, ulikuwamo siku zote, mdogo wangu, ila ulikuwa kistari. Mdogo mtu akasema kwamba kistari hakiwapi watoto hofu. Alipoondoka, Mama Hatujui alimwomba mhudumu chai, akaiacha ikapoa, akaomba nyingine.

Mwaka uliofuata alirudi na mradi ule ule ukiwa na kifungu kipya, alichokiandika mwenyewe: tanuru halitazimwa mpaka kila mmoja wa wale mia mbili na kumi na wanne awe ameandikiwa kazi mpya mbele ya jina lake, kwa gharama ya mradi. Jumla ya safu ya kushoto ilipanda. Profesa alisimama na kusema kwamba kimsingi hii ni mara ya kwanza kuona gharama ikiwa na jina la baba na la ukoo, na kwamba hana pingamizi. Dada Kijani ndiye aliyekiunga mkono kifungu hicho wa kwanza. Mradi ulipita bila kura ya hapana. Leo idara nne zinatumia jedwali letu, na kwenye mafunzo ya watumishi wapya somo la kwanza ni kutoweka kistari.

Hatutamaliza bila kusema kwamba ni mtu wa kucheka naye. Mumewe, mwalimu wa hesabu, ametuhakikishia kwamba nyumbani hajumlishi chochote, hata sukari hukadiria kwa macho, na hukosea. Amewafundisha kazi wakuu wa sehemu sita, na watatu kati yao wamekuwa mabosi wake. Alipopewa fomu ya kustaafu yenye swali la shughuli anazotarajia kufanya, alijaza kwa penseli nyekundu: sijui.

Mama, umetufundisha kwamba mtu mwaminifu anaweza kubishana na kila upande na bado akaachiwa kiti. Asante kwa makosa yetu yote uliyoyaona na kwa namna ulivyotuonesha bila kutuaibisha, isipokuwa ilipobidi. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na majirani wasiopenda takwimu. Nenda salama.

Sherehe ya kumuaga itafanyika siku hiyo ya Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa ghorofa ya chini. Profesa atazungumza, ameleta kurasa kumi na moja, kamati imemruhusu mbili. Mpaka tunapeleka makala haya kwa mpiga chapa, watu mia moja themanini na mmoja kati ya wale mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamekwisha kuandikiwa kazi mbele ya majina yao. Mdogo wa mstaafu wetu ameomba radhi kwamba hatafika: Ijumaa hiyo yuko zamu ya mchana kwenye tanuru la kwanza, ambalo linaendelea kuwaka.